Wacheni Kununua Persian wa Uso Bapa, Nawaomba

Vidio yangu iliyotazamwa kuliko zote ni ya mnyama anayeshindwa kupumua.

Sikujua wakati naiposti. Ilikuwa sekunde 11 tu. Paka wangu Sultani, Persian mweupe, amelala chali kwa kitanda, mdomo wazi, ulimi umetoka kidogo, anakoroma kama makanga aliyeshuka shifti ya usiku. Nikaweka muziki wa kuchekesha, nikaandika "Mimi baada ya pilau ya harusi." Watu zaidi ya 600,000 wakaiona. Wafuasi wangu wakaruka kutoka 4,000 hadi 31,000 kwa wiki mbili. Mathe, ambaye hajanisamehe kuacha chuo mwaka wa pili, akaniambia kwa mara ya kwanza: "Kumbe hii kitu yako ina watu."

Miezi mitano baadaye nilikuwa kwa daktari wa wanyama, nikamwonyesha hiyo vidio kwa simu nikidhani atacheka. Hakucheka. Akaniuliza, "Hulala hivi kila siku?" Nikamwambia ndio, hiyo ni stail yake. Akaniambia paka mzima halali mdomo wazi hivyo. Paka hupumua kwa pua. Ukimwona ametulia na bado anavuta hewa kwa mdomo, hewa haimtoshi.

Watu 600,000 walicheka. Mimi nikiwa wa kwanza.

Naandika hii leo kwa sababu wiki jana msee mmoja anayeuza vitoto vya Persian hapa Nairobi alinitumia meseji. Alitaka kunipa kitoto bure, cheupe, "uso bapa kabisa kama wa ile vidio yako," na juu yake 15,000 kwa kila posti nitakayomfanyia. Mimi naishi bedsita ya 9,000 kwa mwezi. Sitawadanganya eti nilikataa papo hapo. Nilikaa na hiyo meseji siku mbili. Halafu Sultani akaanza kukohoa usiku, nikaamka, nikamwona amekaa wima gizani akivuta hewa na shingo imenyooka. Nikamjibu yule msee: hapana. Na nikaamua niseme kila kitu, hata yale yanayoniaibisha.

Kwanza, hiyo sura haikuletwa na Mungu hivyo. Ilitengenezwa na watu. Persian wa zamani alikuwa na pua. Kuna Mwingereza aliitwa Harrison Weir, ndiye aliyeandaa maonyesho makubwa ya paka pale Crystal Palace, London, mwaka 1871. Mwaka 1889 akatoa kitabu cha paka chenye michoro. Angalia Persian wake: manyoya marefu ndio, kichwa cha duara ndio, lakini pua iko mahali pake, imejitokeza kama ya paka yeyote wa mtaani kwenu. Halafu katikati ya karne ya 20, huko Marekani, wakazaliwa Persian wekundu wenye uso uliobanwa hadi wakaitwa Peke-face, kwa kufananishwa na mbwa wa Pekingese. Wafugaji wakaipenda hiyo sura. Wakazalisha wale wa uso mfupi na wenzao wa uso mfupi, kizazi baada ya kizazi, majaji wakawapa zawadi, na pua ikapanda hadi ikafika katikati ya macho.

Sasa fikiria kitu kimoja. Ukifupisha fuvu, vilivyo ndani havipungui vyote kwa kipimo hicho hicho. Nyama laini ya ndani ya pua na koo bado inataka nafasi, kwa hivyo njia ya hewa inabanwa. Mrija unaotoa machozi kutoka kwa jicho kwenda puani unapindwa, kwa hivyo machozi yanamwagika usoni mchana kutwa na kuacha ile mistari ya kahawia. Taya la juu linabaki fupi kuliko la chini, meno hayakutani, na paka anasukuma chakula kwa ulimi badala ya kukishika. Macho yanatokeza kwa sababu tundu lake ni la kina kifupi, kwa hivyo vumbi lolote, unywele wowote, kona yoyote ya meza inayafikia kwanza.

Ile "sura ya kununa" unayoipenda ndiyo hiyo. Persian wako hajanuna. Mfupa umepangwa vile.

Na hapa ndipo tabia yake inatuponza sisi wote. Persian ni mpole sana. Siongezi chumvi. Hapandi mapazia, hapigi kelele, sauti yake ni ndogo, anakaa pale ulipomweka kama mto wa kiti. Anapenda siku zifanane. Kwa mtu anayeishi chumba kimoja na anayetaka kurekodi kontenti, hakuna paka rahisi kuliko huyo. Mimi nilimwita Sultani kwa sababu alikaa tu akiangalia ulimwengu umhudumie. Lakini paka kwa asili yake huficha maumivu. Sasa chukua mnyama anayeficha maumivu, umpe upole wa Persian, halafu umkabidhi kijana wa miaka 20 anayetafuta wafuasi. Nani atajua anaumwa?

Mimi sikujua. Mwaka jana Aprili jicho lake la kushoto lilianza kufumba nusu. Nikarekodi, nikaandika "Sultani anawakonyeza." Sitanii, iko mahali, nimeifuta kwangu lakini watu walishaishea. Siku nne baadaye jicho lilikuwa na doa jeupe. Kilikuwa kidonda kwenye kioo cha jicho, na kilikuwa kimeshaenda ndani. Kama ningempeleka siku ile ya "kukonyeza," dawa ya matone pengine ingetosha. Nilimpeleka siku ya sita, baada ya kukopa. Jicho likatolewa. Gharama ilinimaliza, na sitaki mnionee huruma, huruma mpeni yeye. Sai Sultani ana jicho moja na hilo moja nalipangusa asubuhi na jioni kama naswali.

Pesa je? Nilimnunua 28,000, malipo ya kupiga picha harusi mbili. Tulikutana na muuzaji kwenye kituo cha mafuta. Kitoto kilikuwa ndani ya katoni ya maziwa. Sikumwona mama yake. Sikumwona baba yake. Sikupewa karatasi ya chanjo, nilipewa neno "pure" mara tatu. Wewe ukinunua simu ya 28,000 unaangalia kamera, betri, unauliza waranti, unaenda na rafiki anayejua simu. Mimi kwa mnyama mwenye damu niliuliza swali moja tu: "Ni mweupe kabisa?"

Swali ambalo ningeuliza ni hili: wazazi wake wamepimwa figo? Kuna ugonjwa wa kurithi unaowapata sana Persian, ambapo vifuko vya maji huota ndani ya figo tangu paka akiwa mchanga na kukua polepole hadi figo zinashindwa kazi. Mzazi mmoja mwenye nakala moja ya jeni hiyo anatosha, na kila kitoto chake kinarusha shilingi: kichwa umepona, mwenge umerithi. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 2004, na kipimo chake ni cha mate tu, pamba inapitishwa ndani ya shavu. Kabla kipimo hicho kuenea, uchunguzi katika nchi kadhaa ulikuta zaidi ya theluthi moja ya Persian wanao. Zaidi ya mmoja kwa kila watatu! Na paka huyo anaonekana mzima miaka kadhaa, anakula, anapendeza kwa picha, ananunuliwa, anazalishwa. Kisha siku moja anaanza kunywa maji kama ngamia na kukonda.

Mfugaji anayejali anajua jibu la hilo swali kabla hujamaliza kuuliza. Wa katoni ya maziwa atakuuliza kama unanunua au hununui.

Najua kinachotusukuma, kwa sababu kilinisukuma mimi. Ni status. Paka mwenye jina la kigeni anasema umefika, hata kama umefika Roysambu tu. Sasa nikuchekeshe. Hata hilo jina lenyewe lina maswali. Persian, Mwajemi, ndio, wasafiri wa karne ya 17 waliandika kuhusu paka wa manyoya marefu kutoka Uajemi. Lakini watafiti wa vinasaba walipolinganisha paka wa sehemu mbalimbali za dunia, kwenye kazi iliyochapishwa mwaka 2008, Persian wa leo alikutwa karibu zaidi na paka wa Ulaya Magharibi kuliko wa Mashariki ya Kati. Yaani unalipia Uajemi, unapewa paka wa Ulaya aliyevaa koti zito.

Na wakati tunafanya hivyo, jirani yangu wa orofa ya juu, mama mmoja wa Kilifi, alimwangalia Sultani siku moja akaniuliza kama huyo ni paka au ni pamba. Halafu akaniambia kwao kuna paka anaitwa kadzonzo, mwenye madoa kama gome la mti. Nikadhani ni hadithi. Nikaenda kusoma. Wasee, dunia nzima ya paka inamjua. Anaitwa Sokoke, jina la msitu wetu wa Arabuko-Sokoke. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke aliyeitwa Jeni Slater aliwakuta watoto wake kwenye shamba lake karibu na msitu huo akaanza kuwafuga. Miaka ya 1980 baadhi yao wakapelekwa Denmark. Mwaka 1993 shirikisho kubwa la paka la Ulaya, FIFe, likamtambua rasmi. Mzungu anajaza fomu na kusubiri zamu ili apate paka wa Kilifi, na sisi hapa tunapanga foleni kituo cha mafuta kwa katoni ya maziwa.

Muone alivyo: mwembamba, miguu mirefu, ya nyuma imepita ya mbele hadi anatembea kama mtu anayenyata. Masikio makubwa yamesimama, manyoya mafupi yamelala kwa ngozi, macho ya kijani au ya rangi ya asali. Anapanda, anaongea, anakufuata kila chumba. Na ana pua! Nzima, ndefu, ya kazi.

Sisemi mkimbie Watamu na magunia. Ukifanya hivyo utakuwa yule yule muuzaji wa katoni, umebadilisha kaunti tu. Ninachosema ni kwamba "breed" siyo tatizo, na "kigeni" siyo sifa. Tatizo ni kuchagua mnyama kwa kasoro yake na kumlipa mtu aizidishe.

Najua mtakachonijibu, kwa hivyo tumalizane hapa hapa.

"Persian wangu yuko sawa." Natumaini. Leo usiku zima muziki, kaa karibu naye amelala, sikiliza. Angalia matundu ya pua: ni mviringo au ni mistari miwili? Angalia chini ya macho. Angalia anavyokula. Halafu jua pia kuna Persian wa uso wa zamani, wa pua iliyojitokeza. Kama wako ni huyo, sherehekea, anapumua vizuri zaidi, lakini figo bado zipimwe na manyoya bado yatakutoa jasho.

"Mimi namnunua ili nimwokoe." Hapana bana. Ukilipa umeagiza mwingine. Muuzaji hakuoni kama mwokozi, anakuona kama sababu ya kumzalisha yule mama tena, na mama mwenyewe wengi wa aina hii huzaa kwa shida kwa sababu vichwa vya vitoto ni vikubwa na vya duara.

"Wewe ni dropauti, umesomea wapi mambo ya paka?" Nimesomea kwa jicho la Sultani. Karo ya chuo ilinishinda, ya hilo somo nililipa hadi mwisho. Na haihitaji digrii kusikia mnyama akitafuta hewa. Inahitaji tu uache kucheka.

"Wewe mwenyewe umejengwa na hizo vidio." Kweli. Hiyo sina jibu. Ndiyo maana naandika.

Kama tayari unaye, usimtupe, tafadhali. Persian aliyetupwa mtaani hamalizi mwezi. Mtunze hivi. Macho: pamba na maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, asubuhi na jioni, kila jicho na pamba yake. Likifumba au likigeuka rangi, ni siku hiyo hiyo kwa daktari, siyo kesho. Manyoya: chanuo la chuma kila siku, kila siku kabisa, tumboni, kwapani na nyuma ya masikio, dakika kama 15. Ukiruka wiki yanashikana hadi yanavuta ngozi. Yakishikana usiyakate kwa makasi, ngozi ya paka ni nyembamba, utamchana. Ukiona duara lisilo na nywele, hayo ni mashilingi, Persian huyapata sana na atakupa na wewe. Mimi niliyapata shingoni, nikavaa skafu mwezi mzima nikiita fasheni.

Chakula: sahani pana isiyo na kina ili uso umfikie. Paka lazima ale nyama, ugali na supu havimtoshi, na maziwa ya ng'ombe humharisha wengi wao. Joto: keja ya mabati saa saba mchana ni adhabu kwake, mpe sakafu baridi, hewa na maji. Akiumwa usimpe Panadol, hata kipande. Inaua paka. Mchanje. Mhasi, kwa sababu jeni zikomee hapo. Na akishatimiza miezi 10, apigwe ultrasaundi ya figo, ujue unaishi na nini.

Kama huna na unataka paka, kuna mama paka nyuma ya kila hoteli ya chapati hapa Nairobi mwenye vitoto vinne. Chukua kimoja kikishatimiza miezi miwili na ushee. Mpeleke achanjwe. Ile 28,000 italipa chanjo, kuhasiwa na chakula cha miezi mingi, na bado utabaki na ya kunyoa nywele. Hatakuwa mweupe kama pamba. Atakuangusha vikombe. Usiku atalala mdomo umefungwa, na hutasikia kitu.

Na kama huna nafasi ya paka kabisa, bado una kidole. Ukiona vidio ya paka wa uso bapa anakoroma, usilaiki. Usishee. Mwandikie mwenyewe, kwa heshima, "Mpeleke akaangaliwe pua." Mimi mtu mmoja tu kati ya 600,000 angeniandikia hivyo, pengine ningeuliza mapema.

Ile vidio nimeifuta jana. Wafuasi 212 wameondoka kufikia asubuhi hii. Sultani amelala miguuni mwangu nikiandika, kichwa nimemwinulia kwa taulo iliyokunjwa, kwa sababu hivyo ndivyo anavuta hewa vizuri kidogo.

Mtumie hii rafiki yako anayeweka akiba ya Persian. Kabla hajafika kile kituo cha mafuta.